Sanduku la Barua: Albamu Iliyofika Sokoni Jioni

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu Still Climbing, albamu ya nne na ya mwisho ya studio ya bendi ya roki ya Cinderella kutoka Philadelphia, Marekani. Nilisema kwamba kati ya zote nne, hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi. Aya mbili zimeniletea rundo la barua, nyingine za hasira, na nimefurahi. Nilidhani niko peke yangu hapa kwetu.

*Dada, unatafuta ubishi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Night Songs ilijiuza, Long Cold Winter ikajiuza. Hiyo ya 1994 nani aliinunua? Watu si wajinga. (Msomaji, Mwanza)*

Kaka yangu, watu si wajinga, lakini soko lina saa zake. Night Songs ya 1986 na Long Cold Winter ya 1988 kila moja iliuza zaidi ya nakala milioni 3 huko Marekani. Ya kwanza ilipanda hadi nafasi ya 3 kwenye Billboard, chati ya mauzo ya albamu Marekani, ya pili ikafika ya 10. Still Climbing iliishia nafasi ya 178. Hizo namba sibishani nazo.

Angalia tarehe sasa. Heartbreak Station ilitoka 1990. Still Climbing ikatoka Novemba 1994. Katika miaka hiyo minne bendi ya Nirvana ilitoa albamu ya Nevermind, Seattle, kitovu cha roki ya aina hiyo, ikageuka kuwa mji ambao kila kampuni ya muziki ilikimbilia, na roki ile ya wanaume wenye nywele zilizotimuliwa, wanja machoni na suruali za kubana ikafungiwa milango na redio na televisheni. Embe lako la dodo ukilifikisha sokoni saa moja jioni, wachuuzi wanakunja maturubai, utarudi nalo nyumbani. Utamu wake ni uleule wa asubuhi. Cinderella walifika jioni, na mwaka uliofuata kampuni yao ya Mercury ikawaacha.

Na hawakuchelewa kwa uvivu. Sababu yake ipo kwenye barua ya binti wa Moshi hapo chini.

*Bila Fred Coury kwenye dramu ile si Cinderella. Wamekodi mtu. (Shabiki wa tangu 1987, Mombasa)*

Mzee wangu, shikamoo. Ni kweli Coury alikuwa ameshaondoka kwenda bendi ya Arcade, na dramu karibu zote zimepigwa na Kenny Aronoff, yule aliyempigia dramu mwimbaji John Mellencamp. Lakini soma majina ya wapigaji kwenye zile albamu mbili unazozipenda. Night Songs dramu zilipigwa na Jody Cortez. Long Cold Winter walipiga Cozy Powell na Denny Carmassi. Coury yuko kwenye picha ya jalada, na jukwaani alikuwa moto, lakini mkono unaousikia kwenye kanda zako si wake. Kama kumkodi mpiga dramu kunaiondolea bendi jina lake, basi Cinderella haikuwahi kuwepo kabla ya 1990.

*Shikamoo mama. Naimba sauti ya kwanza kwaya ya kanisani. Tangu Pasaka sauti imekatika, nikipanda juu inatoka hewa tupu. Uliandika kwamba mwimbaji wa Cinderella alipotelewa na sauti. Alipona? (Msichana wa kwaya, Moshi)*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Tom Keifer alianza kupotelewa na sauti mwaka 1991. Baada ya kuhangaika akaambiwa kwamba uzi wa sauti wa upande wa kushoto umepooza kwa sehemu. Neva yake haifanyi kazi sawasawa, kwa hiyo nyuzi mbili hazikutani vizuri na hewa inavujia katikati. Kwa mtu anayeongea tu ni shida. Kwa mtu ambaye riziki yake ni kupiga ule ukelele wa kukwaruza, juu kabisa, usiku baada ya usiku, ni kama seremala kukatika kidole gumba. Aliambiwa huenda asiimbe tena. Alizunguka kwa madaktari na walimu wa sauti, akajifunza kuimba upya kama mtoto, akapasuliwa koo zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata. Albamu ilisubiri. Ulimwengu wa muziki haukusubiri.

Nakwambia haya kwa sababu na mimi yalinipata. Mwaka 2009 niliimba mkesha nikiwa na mafua, na asubuhi yake nikaamka bubu. Kwa wiki tisa sikuweza kuwaita wanangu kwa majina, nikawa nagonga sufuria kwa mwiko wakiwa uani. Mara moja ni wa kwanza, mara mbili ni wa pili. Walizoea haraka kuliko mimi. Wiki zile ndipo nilipoisikiliza Still Climbing kwa masikio mengine. Wimbo wa nne, Hard to Find the Words, Keifer anamwimbia mama yake, anamshukuru, na jina lenyewe linasema maneno yamekuwa magumu kupatikana. Nilikuwa napiga pasi sare za shule. Nikasimama, pasi mkononi, mpaka nikasikia harufu ya kola inayoungua. Kuna mahali anavuta pumzi kabla ya kupanda, na mwimbaji yeyote aliyewahi kuumwa koo anaijua pumzi ile. Ni ya mtu asiye na uhakika kama kule juu kuna kitu kinamsubiri. Anapanda hivyohivyo, na sauti inakuja ikiwa na mikwaruzo yake yote.

Albamu zake za mwanzo anaimba kama mtu aliyepewa sauti bure. Hapa kila noti ameilipia. Ndiyo maana naipenda.

Sasa wewe. Usisubiri ipone yenyewe, miezi imeshapita. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, umwambie wewe ni mwimbaji, umwombe aziangalie nyuzi kwa kamera. Mwalimu wa kwaya akikusukuma uimbe, mwonyeshe barua hii. Na usinong'one. Mimi nilidhani kunong'ona ni kupumzisha sauti, kumbe kunaweza kuikaza zaidi. Nyamaza kabisa, au ongea polepole kwa sauti yako ya kawaida. Mimi sauti ilirudi, ikiwa imeshuka chini kidogo. Keifer alitoa albamu yake mwenyewe mwaka 2013, karibu miaka 20 baada ya Still Climbing, na bado anaimba jukwaani.

*Hamna jipya mle. Ni Heartbreak Station imepikwa upya. (Dodoma)*

Nusu nakubali. Talk Is Cheap huwa nairuka, na Hot and Bothered uliwahi kutoka 1992 kwenye muziki wa filamu ya Wayne's World, wakauweka mwishoni. Unasikika kama mgeni aliyekuja na nguo za sherehe nyingine. Ila fikiria wenzao wa wakati ule walivyohangaika. Bendi ya Mötley Crüe mwaka huohuo wa 1994 ilitoa albamu na mwimbaji mpya, John Corabi, nzito na yenye giza, na mashabiki wanaibishania mpaka leo (mimi ni wa upande wake, tutaizungumza siku nyingine). Cinderella walibaki na bluzi yao. Mwaka 1994 hiyo ilihitaji moyo.

*Najua wimbo mmoja tu, Don't Know What You Got. Nianzie wapi? (Zanzibar)*

Anza na Through the Rain, kwa sababu unapenda nyimbo za taratibu. Halafu rudi mwanzo, Bad Attitude Shuffle, sauti juu, majirani watakusamehe. Kisha The Road's Still Long, usiku, taa imezimwa. Humo msikilize Keifer kwanza, kisha urudie ukiyafuata magitaa peke yake. Jeff LaBar, mwenzake wa gitaa tangu Night Songs, alifariki Julai 2021 akiwa na miaka 58, na hii ndiyo albamu ya mwisho ya studio waliyorekodi pamoja. Hard to Find the Words iache mpaka siku utakayokuwa umetoka kuongea na mama yako kwenye simu.