Maswali na Majibu: Kabla ya Kuuliza Ubora, Sema Faili Limetoka Wapi

Barua za safari hii ni nyingi kuliko kawaida, na zaidi ya nusu yake zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nimenunua kicheza muziki cha ubora wa juu, mbona sauti ni ile ile ya simu? Waliotaja bei ya kifaa, rangi yake na namba zilizoandikwa kwenye boksi, bila kusema neno hata moja juu ya nyimbo wanazozicheza humo, nimewaweka kando. Siwezi kuonja mchuzi kwa kuelezwa sufuria.

Shikamoo mwandishi. Nina nyimbo kama elfu tatu za MP3 za kilobiti 128. Baada ya kununua kicheza muziki kipya nilizigeuza zote kuwa FLAC kwa kompyuta, na sasa wimbo uliokuwa na megabaiti 4 una megabaiti 20 na zaidi. Mbona sisikii tofauti? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Husikii tofauti kwa sababu hakuna tofauti, na hili nimekwisha kuliandika hapa mara nyingi kiasi kwamba mhariri ameanza kunitazama kwa jicho la huruma.

MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu za sauti ambazo waliobuni mbinu hiyo walikadiria kwamba sikio halitazikosa: sauti nyembamba sana zilizo juu kabisa, na sauti ndogo zinazofunikwa na kubwa zilizo jirani nazo. Muziki wa CD huenda kwa kilobiti 1,411 kwa sekunde. Ukiushusha hadi 128, umebakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya data. FLAC, iliyotolewa mwaka 2001, kazi yake ni nyingine kabisa. Hiyo hubana data bila kutupa hata biti moja, na inapofunguliwa hurudisha kile kile ilichopewa. Ukiipa MP3 iliyokwisha kupoteza, itaitunza hasara hiyo kwa uaminifu mkubwa, tena kwa nafasi mara tano. Sembe haigeuki dona kwa kumiminwa kwenye gunia lililoandikwa dona. Pumba na kiini vilibaki mashineni.

Zifute hizo FLAC na urudi kwenye MP3 za mwanzo, ambazo naomba uwe hukuzifuta. Usije ukazirudisha FLAC hizo kuwa MP3, kwa maana kila mzunguko wa namna hiyo hutupa tena. Kisha chagua albamu ishirini unazozipenda kweli, tafuta CD zake, na uzinakili kwa programu kama Exact Audio Copy, ambayo husoma diski kwa uangalifu na kulinganisha matokeo yake na ya watu wengine walionakili diski hiyo hiyo. Albamu ishirini zenye asili inayojulikana zitakufaa kuliko mafaili elfu tatu yasiyo na ukoo.

WAV si bora kuliko FLAC? (Msomaji, Kisumu)

Hapana; ni sauti ile ile biti kwa biti, ila WAV, kwa kuwa haibanwi, hula nafasi karibu maradufu na hubeba majina ya nyimbo na wasanii kwa taabu.

Kijana wa kibanda cha kuingizia nyimbo hapa mtaani ameniwekea FLAC mia mbili kwenye flashi. Nitajuaje kama ni za kweli? (Msomaji, Dar es Salaam)

Pakua programu ya bure iitwayo Spek, ambayo huchora wimbo kama picha: muda unakwenda kulia na masafa ya sauti yanapanda juu. Wimbo wa siku hizi uliotoka kwenye CD kwa kawaida hujaa hadi kHz 20 (kilohezi, yaani mitikisiko elfu 20 kwa sekunde) na zaidi. Uliopitia MP3 ya kilobiti 128 mara nyingi huwa umekatwa kama kwa panga karibu na kHz 16, na wa kilobiti 320 karibu na kHz 20. Hata hivyo usiwe hakimu wa haraka, kwa kuwa rekodi ya kale hufifia taratibu yenyewe kabla ya kufika huko. Mteremko si kosa. Kinachotia shaka ni mstari ulionyooka kama ukingo wa meza.

Hukuniuliza, lakini nitasema. Sijapata kukiona kibanda cha namna hiyo kinachomlipa mwanamuziki, na kijana wako, ambaye pengine hata hajui kwamba alichokuuzia ni MP3 iliyovishwa kanzu, hakuwa na haki ya kukuuzia. Wasanii wengi huuza FLAC zao wenyewe kupitia Bandcamp, na huko unajua faili limetoka kwa nani.

Kicheza muziki changu kinaonyesha biti 24 na kHz 192. Rafiki yangu anasema CD ni teknolojia ya mwaka 1982 na imepitwa na wakati. Je, nianze kununua nyimbo upya? (Msomaji, Mombasa)

Mwaka ameupatia, hitimisho amelikosea.

Kiwango cha sampuli ni idadi ya vipimo vya sauti vinavyochukuliwa kila sekunde. CD huchukua 44,100, na kanuni ya hisabati inayobeba majina ya Nyquist na Shannon inathibitisha kwamba vipimo hivyo vinatosha kuijenga upya kila sauti iliyo chini ya nusu ya idadi hiyo, yaani chini ya hezi 22,050. Sikio la kijana mwenye afya hukoma karibu na hezi 20,000, na langu, mwenye mvi, lilikoma chini ya hapo zamani. Ile picha inayopendwa na matangazo, ambamo CD huonekana kama ngazi za mnara na kHz 192 kama mteremko laini, inadanganya, kwa sababu kinachotoka kwenye waya baada ya kibadilishaji cha dijiti, kile kinachogeuza namba kuwa umeme wa sauti, ni wimbi laini katika hali zote mbili. Biti nazo huamua umbali uliopo kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini kabisa: takriban desibeli 96 kwa biti 16 na 144 kwa biti 24, ingawa hizo 144 zipo kwenye karatasi tu, kwa kuwa saketi yenyewe ina kelele yake.

Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society matokeo ya jaribio ambamo sauti ya SACD na DVD-Audio, aina mbili za diski za ubora wa juu, ilikuwa ikipitishwa, pasipo wasikilizaji kujua ni lini, kwenye kifaa kinachoishusha hadi kiwango cha CD. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, ambayo ni sawa na kurusha sarafu. Ili nisishitakiwe kwa kuchagua ushahidi, niongeze kwamba mwaka 2016 Joshua Reiss alijumlisha majaribio kadhaa ya watafiti mbalimbali akapata kwamba wasikilizaji walipatia kwa asilimia 52 na kidogo. Anayetaka kulipa bei mara mbili kwa ajili ya hizo mbili zilizozidi hamsini, mfuko ni wake.

Ninakiri kwamba zipo albamu za ubora wa juu zinazosikika vizuri zaidi kuliko CD zake, nami ninazo. Sababu yake kwa kawaida ni masta, yaani namna fundi alivyoandaa sauti ya mwisho kabla ya kuitoa. CD nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zilisukumwa zipige kelele tangu mwanzo hadi mwisho, ngoma ikakosa mahali pa kuruka, na toleo jipya likiachwa lipumue kila mtu husema, “Unaona, biti 24!” Shusha toleo hilo jipya hadi kiwango cha CD na uzuri wake utabaki pale pale. Basi usinunue upya kwa sababu ya namba. Nunua pale tu unapojua kwamba masta ni nyingine na ni bora. Kumbuka pia nafasi: wimbo wa dakika nne ambao haujabanwa huchukua megabaiti 42 katika kiwango cha CD, na 276 katika biti 24 na kHz 192.

Ninasikiliza FLAC za biti 24 kwa vipokea sauti vya Bluetooth. Je, ubora wote unafika masikioni? (Msomaji, Kigali)

Haufiki. Bluetooth huibana sauti upya njiani: kodeki (mbinu ya kubana) ya msingi, SBC, kwa kawaida haizidi kilobiti 328 kwa sekunde, na LDAC ya Sony hufika 990 pale mawimbi yanapokuwa safi na vifaa vyote viwili vinapoielewa, vinginevyo hushuka hadi 660 au 330 bila kukuaga. Kwa matembezi inatosha kabisa. Kama ulinunua kicheza muziki kwa ajili ya kibadilishaji chake cha sauti, tumia waya, kwa sababu ukitumia Bluetooth kibadilishaji kinachofanya kazi ni kile kilichomo ndani ya vipokea sauti, na hicho ulichokilipia kimelala usingizi.

Kadi yangu ya memori ya gigabaiti 512 ilianza kukata nyimbo baada ya kujaza albamu kama themanini. Je, kicheza muziki kimeharibika? (Msomaji, Mwanza)

Kadi yako ni bandia, karibu nina hakika. Kadi za namna hii hufundishwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Hupokea mafaili bila kulalamika, kisha zikifika mwisho wa nafasi halisi huanza kuandika juu ya yaliyotangulia au kuandika hewani. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa moja, na nilistahili, kwa maana bei yake ilikuwa ya sahani ya pilau. Ijaribu kwa H2testw kama unatumia Windows, au F3 kama unatumia Linux au Mac. Programu hizi huijaza kadi yote na kusoma tena kilichoandikwa. Fanya hivyo kwa kila kadi mpya kabla ya kuweka wimbo hata mmoja, ukiwa bado na risiti mkononi, na usiache kamwe kadi iwe ndiyo nakala pekee ya muziki wako.

Nimenunua hedifoni za ohmu 300. Nimefikisha sauti mwisho na bado ni hafifu. (Msomaji, Nairobi)

Ohmu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, na hedifoni za ohmu 300, mfano wake Sennheiser HD 600, zinadai volti ambazo vifaa vingi vya mfukoni havina. Kama kicheza muziki chako kina tundu la milimita 4.4, hilo mara nyingi hutoa nguvu zaidi ya lile la 3.5, lakini ni lazima uwe na waya uliotengenezwa kwa ajili yake. Kiunganishi cha kuchomeka plagi ya 3.5 kwenye tundu hilo kinaweza kuunguza amplifaya, hata kama muuzaji ameapa. Jambo la pili ni la masikio yako. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ukipanda hadi 90 saa hizo zinakuwa nne tu. Anayeongeza sauti ili kuishinda injini ya matatu anapaswa kutafuta vipokea sauti vinavyoziba vizuri, wala si amplifaya kubwa zaidi.

Ninaishi Maskati. Marehemu babu aliacha kaseti kumi na moja za taarabu zilizorekodiwa kwenye harusi za Unguja. Nataka kuziweka kwenye kicheza muziki changu. Je, kwa kaseti kuukuu biti 24 si anasa, baada ya yote uliyoyaandika? (Msomaji, Oman)

Hili ndilo swali lililonifanya nikae kuandika, na jibu litamshangaza yule wa Mombasa: kwako biti 24 si anasa. Anayesikiliza hupokea sauti iliyokwisha kupimwa na kupangwa na fundi. Wewe ndiye fundi sasa, na hujui ni dakika ipi vigelegele vitaruka. Biti 24 zinakuruhusu kurekodi kwa kiwango cha chini, kilele kikiwa karibu na desibeli 12 chini ya ukomo, bila kuitumbukiza sauti ya udi kwenye kelele za mashine. Kwa sampuli, kHz 48 inatosha kwa kaseti na 96 haidhuru. Shirika la kimataifa la hifadhi za sauti, IASA, huwataka wahifadhi wasishuke chini ya kHz 48 na biti 24.

Ila namba hizo ni robo ya kazi. Kwanza vunja vile vijipande vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, ili asitokee mtu wa kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Tafuta deki nzuri iliyofanyiwa matengenezo, si redio-kaseti ya jikoni wala kile kifaa cha bei rahisi chenye waya wa USB. Safisha vichwa na vigurudumu vyake kwa pombe ya isopropili, na uache vikauke. Uzungushe mkanda mzima mbele na nyuma mara moja kabla ya kuucheza. Kisha sikiliza sauti za juu: zikiwa zimefunikwa kama zinatoka chini ya blanketi, huenda kichwa cha deki hakilingani na cha mashine iliyorekodi, na mwenye mkono mtulivu anaweza kukirekebisha kwa kuigeuza skrubu ndogo iliyo kando yake mpaka milio ya ala za kanuni na fidla ifunguke. Swichi ya Dolby, ile ya kupunguza mvumo wa mkanda, iache imezimwa, isipokuwa kaseti yenyewe ilirekodiwa nayo.

Rekodi kila upande kwa mfululizo bila kukata, uhifadhi FLAC hiyo mahali pawili, na usiisafishe kelele. Usafishaji wowote ufanye kwenye nakala, na hiyo nakala ndiyo ukate nyimbo na kuziweka kwenye kicheza muziki. Programu za kuondoa mvumo zikishikwa na mtu mwenye pupa huondoa pia pumzi ya mwimbaji.

Mwisho, andika ndani ya faili harusi ilikuwa ya nani, mtaa gani, mwaka gani, na kundi gani lilipiga. Kama bibi yu hai, mkalishe asikilize kabla hujaandika chochote, kwa sababu huenda amebaki yeye peke yake wa kukuambia ni nani yule anayetunzwa kwa jina upande wa pili wa kaseti ya nne.