Ukiambiwa mkojo wa kuotesha, usitembee nao kiunoni

Kuna mama mmoja wa Ujiji alituletea maabara kichupa chake cha mkojo wa kuotesha, yani wa kupandwa ionekane kama una bakteria, amekifunga kwenye kanga kiunoni, kwa heshima kabisa watu wasione, kumbe mkojo kaukinga saa 12 asubuhi nyumbani, akapanda daladala, akapita kwanza Mwanga kwa mdogo wake, afu foleni, mpaka kinafika mezani kwangu ni saa 4 imepita. Mi nilikuwa field bado, yani mafunzo kwa vitendo, sikuuliza chochote, nikapokea nikaotesha.

Kesho yake sahani ya kuoteshea imejaa mpaka hamna pa kuhesabia, na bakteria wenyewe wa aina tatu. Nikaanza kuandika majibu kwamba ana UTI kali, maambukizi ya njia ya mkojo. Msimamizi wangu akaitazama ile sahani akaniuliza swali moja tu, huu mkojo ulikingwa saa ngapi? Majibu hayakutoka. Mama akaitwa tena kabla hajameza dawa yoyote, akakinga choo cha palepale, nikaotesha ndani ya nusu saa, na safari hii vikaota vidoa sita tu.

Sasa kilichotokea kiunoni ni hiki. Bakteria hana dume wala jike, mmoja anakua anagawanyika wanakuwa wawili basi. Huyu E. koli anayeleta UTI nyingi, akipata chakula na joto zuri anajigawa kila dakika 20 hivi. Piga hesabu: mmoja baada ya saa moja ni 8, saa mbili 64, saa tatu 512, saa nne 4,096. Kwenye mkojo sio lazima aende spidi hiyo yote, na mwanzoni huwa anatulia kidogo kuzoea mazingira, lakini ndo mwendo wake. Na joto analolipenda ni nyuzi 37, ndo hilohilo tunaloseti kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea. Yani mama wa watu alikuwa ameshaanza kuotesha kabla yetu, maana hata ukijisafisha vizuri wachache wa kwenye ngozi lazima wadondokee kichupani.

Na sisi tunahesabu kweli. Tunachovya kitanzi kinachobeba sehemu moja ya elfu ya mililita, tunapaka kwenye agari, ile jeli ya kwenye sahani wanamoota bakteria, tunalaza usiku kucha. Kila kidoa kimetoka kwa bakteria mmoja, kwa hiyo vidoa 100 maana yake 100,000 kwa mililita, na hapo kwa kawaida ndo tunasema kuna maambukizi. Yule mama vidoa sita, 6,000. Dawa za nini?

Hiyo agari inatokana na mwani, na aliyeileta maabara ni mama aliyekuwa anaijua jikoni, Fanny Hesse, mwaka 1881. Kabla yake walitumia jelatini, ambayo kwa nyuzi 37 inayeyuka inakuwa uji. Namkumbuka sana huyu mama kila nikimimina sahani.

Kwa hiyo dada zangu, mama zangu, na kaka pia: jioshe kwa maji, wa mwanzo uachie choo, kinga wa katikati, usiguse ndani ya kichupa wala mfuniko. Ufike maabara ndani ya saa moja, mwisho mbili. Kama unatoka mbali, tuseme umekuja na boti mpaka Kibirizi, bora ukingie hukuhuku mjini. Ikishindikana weka kwenye friji, sio friza, au kwenye chombo chenye barafu kama tunavyobebea samaki, ila kichupa kifungwe vizuri maji yasiingie. Baridi haiwaui bakteria, inawasimamisha tu wasijigawe. Na uandike saa uliyokinga, hata usipoulizwa waambie.

Halafu zile amoksilini zilizobaki kabatini toka mwaka jana, tafadhali usizimeze asubuhi ya kipimo. Zinaweza kuwadumaza bakteria wakagoma kuota, sahani ikawa nyeupe na wewe bado unaumwa.

Majibu yanaweza kuchukua siku mbili tatu, usikasirike na watu wa dirishani. Siku ya kwanza tunapanda, ya pili tunaona kilichoota ndo tunakizungushia vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali, ya tatu tunaangalia ni dawa ipi imefanya duara safi pembeni yake. Ile isiyo na duara, hata ukinywa dozi nzima, huyo bakteria wako haimsumbui.