Nimepunguzwa kazi nikitoka likizo ya uzazi: je, NSSF itanilipa?

Swali: Nina miaka 31. Nimeshona katika kiwanda cha nguo huku Jomvu miaka 4 na miezi 7, mshahara shilingi 19,500. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi niliambiwa kazi imepungua, nikapewa hundi ya mwezi mmoja na karatasi ya kutia sahihi. NSSF nimekatwa miaka yote. Naweza kupata pesa za kukosa kazi huko?

Jibu: Pole sana, dada. Na hiyo karatasi usiitie sahihi kwanza.

NSSF ya Kenya hailipi mtu kwa sababu amepoteza kazi. Pesa zako hutoka ukifika miaka 60, au 50 ukiwa umestaafu mapema. Bima ya kukosa kazi hatuna, kwa hivyo mzigo huo sheria imembebesha mwajiri, na hapo ndipo pa kudai.

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema anayepunguzwa kazi hupewa notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake, pesa za likizo ambayo hakuenda, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia. Wewe una miaka 4 iliyotimia. Ile miezi 7 haihesabiwi. Ukigawanya mshahara kwa siku 30, siku 15 ni 9,750, mara 4 ni 39,000. Ukigawanya kwa siku 26 za kazi, inafika 45,000. Hesabu zote mbili hutumika, basi uliza wao wamegawanya kwa ngapi. Hundi yako ya mwezi mmoja ni notisi peke yake.

Miezi 3 ya uzazi ni sehemu ya utumishi wako, isipunguzwe. Wala haili likizo yako ya mwaka, ambayo ni siku 21 za kazi.

Huenda ukaambiwa, "Ulikuwa NSSF, hakuna malipo ya miaka." Hapa wanawake wengi hukata tamaa bure. Katazo hilo liko kifungu cha 35 na linahusu malipo ya utumishi, yale ya mtu aliyeachishwa kwa notisi ya kawaida, ambayo ni kitu kingine. Malipo ya kupunguzwa kazi hayafutwi na NSSF.

Kisha chunguza kama kweli kazi imepungua. Mwajiri alipaswa kukuandikia wewe, na afisa wa leba pia, mwezi mmoja kabla. Ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, chama ndicho kiandikiwe. Kuchagua wa kutoka kufuate muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu. Nani amekalia mashine yako sasa? Ikiwa ni mtu mpya, au waliotolewa ni wajawazito na wenye watoto wachanga tu, andika majina na tarehe. Ujauzito si sababu halali ya kumtoa mtu kazini, na mahakama inaweza kumtoza mwajiri hadi mishahara ya miezi 12.

Ile karatasi huwa na mstari usemao huna dai lingine. Kortini mstari huo umewaangusha watu wenye haki zao. Usikubali pia kuandika barua ya kuacha kazi "ili malipo yatoke haraka": aliyeacha mwenyewe hakupunguzwa, na zile siku 15 zinapotea.

Kusanya barua ya kazi, karatasi za mshahara na taarifa ya michango ya NSSF. Taarifa hiyo ina nguvu sana, maana inaonyesha mwezi baada ya mwezi nani alikuwa akikulipia. Kiwanda kikidai ulianza juzi, itakujibia. Dai pia cheti cha utumishi, ni haki yako.

Peleka malalamiko ofisi ya leba ya Mombasa ndani ya miezi 3 tangu ulipotolewa. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hupokea kesi hadi miaka 3, lakini usingoje hadi wenzako wa laini, ambao ndio mashahidi, watawanyike. Kama wakili ni ghali, FIDA-Kenya, shirika la mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa na husaidia wanawake bila malipo.