ESP32-S3: ufunguo mmoja hautoshi
Umeuliza kama, kwenye chipu ya ESP32-S3, Secure Boot V2 (ulinzi unaokubali tu programu iliyosainiwa kwa ufunguo wako) kwa ufunguo mmoja inatosha. Haitoshi. Ukiupoteza, hutaweza tena kusasisha kifaa hicho, maana eFuse (biti za ndani ya chipu zinazotunza alama ya ufunguo) ikishachomwa hairudi nyuma. S3 ina nafasi 3 za funguo: tengeneza funguo za RSA-3072 (aina ya funguo za kusaini) mbili au tatu, saini butiloda (programu ndogo inayopakia programu kuu) kwa zote kabla ya kuwasha kifaa mara ya kwanza, kisha hifadhi funguo nje ya mtandao, kamwe si kwenye hazina ya msimbo ya Git.

Ujenzi wa programu (build) ukikataa kwa sababu butiloda imevimba kuliko nafasi yake, sogeza jedwali la patisheni (ramani ya sehemu za kumbukumbu ya flashi) kutoka 0x8000 hadi 0xF000.

Na tafadhali: saini haifichi kitu. Anayebandua chipu ya flashi bado anasoma nenosiri la WiFi. Washa pia usimbaji fiche wa flashi, hali ya Release (ya bidhaa iliyokamilika, si ya majaribio).