Usizime faiawoli kwa sababu printa imegoma

Mkuu, umesema printa imegoma na fundi amekushauri uzime faiawoli ya Windows, yaani ukuta unaochuja mawasiliano ya mtandao, kwa kuwa antivairasi unayo na laptopu itakuwa nyepesi. Nakuomba usifanye hivyo.

Mwaka 2017 nilikuwa na steshenari Sinza: kompyuta nne za Windows 7 na printa moja ya kushea. Printa ilikuwa inagoma kila siku, fundi akaja akazima faiawoli kwenye mashine tatu, kazi ikaenda. Ya nne hakuigusa kwa sababu dada wa kaunta alikuwa anachapa CV ya mteja. Mwezi wa tano, kipindi kile cha WannaCry, kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia, mwanafunzi akaja kuprinti ripoti ya field, tukachomeka laptopu yake kwenye ruta yetu. Haikupita saa moja, kioo cha kwanza kikatoa dirisha jekundu linalodai dola 300 kwa bitcoin. Kisha cha pili, cha tatu. Barua za watu, mihtasari ya vikoba, vyote havifunguki. Ile ya nne ilibaki nzima.

Kirusi kile hakikuhitaji mtu abonyeze kitu. Kilipita mlango namba 445, ambao Windows inautumia kushea mafaili na printa. Faiawoli ndiyo inayokataa mgeni anayegonga mlango bila wewe kumwita. Antivairasi inakagua kilichokwisha kuingia, na yetu ilikuwa ya zamani. Microsoft walishatoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, tangu Machi mwaka ule. Sisi tulikuwa tumezima masasisho ili kubana bando, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ila usiitegemee kwa kila kitu. Flashi yenye virusi ukiichomeka mwenyewe, haitakuzuia. Programu ya kukraki vilevile. Na kwa kawaida faiawoli ya Windows huachia yanayotoka nje, kwa hiyo kirusi kilichomo ndani kinaweza kutuma taarifa zako bila kuulizwa.

Ukiwa kwenye Wi-Fi ya hosteli au mgahawani, chagua "Public" (mtandao usiouamini) kwenye mipangilio ya mtandao. Printa ikigoma, ruhusu "File and Printer Sharing" kwenye "Private" (mtandao wako mwenyewe) tu, faiawoli ibaki imewashwa. Hapo 445 inakuwa wazi kwa mashine zako za ndani, ndiyo maana kwangu laptopu ya mteja haiingii tena kwenye mtandao wa duka. Anatuma kazi kwa barua pepe.

Uzito wa laptopu tafuta kwenye programu zinazojiwasha zenyewe ukiiwasha. Niandikie hapa ni Windows gani na RAM kiasi gani, nikuelekeze.