Maswali na majibu: Mwongozo wa kuweka programu, wa mgeni na wa mzoefu

Steshenari, Masasi: Programu imegoma kuingia. Msaada tafadhali.

Programu gani? Toleo gani? Mashine iliandika nini ilipogoma? Maswali ya namna hii nimechoka nayo.

Mwalimu wa sekondari, Nachingwea: Naandaa mwongozo wa kuweka Ubuntu (mfumo endeshi wa kompyuta) na LibreOffice (programu za ofisini, za kuandikia na kupigia hesabu). Nimeandika kwa wanaoanza, humo humo nikachomeka njia za mkato za wazoefu. Niko sawa?

Hapana, mwalimu. Tenganisha. Mzoefu anataka toleo, mahitaji ya mashine na amri: sudo apt install libreoffice, basi. Ukimzungusha kwenye kurasa za "bonyeza hapa" ataziruka, na onyo ataliruka pia. Mgeni naye akikutana na amri hiyo katikati ya maelezo hajui aiandike wapi, au kama inamhusu.

Mgeni mpe njia moja tu, isiyo na "au unaweza pia". Kila hatua iseme afanye nini, skrini itaonyesha nini, na isipoonyesha arudi wapi. Onyo litangulie hatua yake. Kuna miongozo inakwambia uchague kufuta diski nzima, halafu aya ya chini ndiyo inakumbuka kukuuliza kama umehifadhi mafaili. Alama za kidato cha pili zimeshakwenda na maji.

Toleo na tarehe viwe juu kabisa, maana kisakinishi cha Ubuntu 24.04 hakifanani na cha 22.04. Ukimaliza, mpe karani wa shule aufuate, wewe simama nyuma yake na ufunge mdomo. Atakapokwama, hapo ndipo pa kuandika upya.

Fundi, Mikindani: Biti 32 na 64, yaani aina za kichakataji cha mashine, nazo nizieleze?

Mgeni mwonyeshe pa kuangalia tu, somo lake aje kulisoma siku nyingine. Ila iwe hatua ya kwanza: Ubuntu ya mezani (Desktop) ya sasa haina ya biti 32, na hakuna sababu ya mtu kumaliza bando ndipo aambiwe.

Karani wa chama cha msingi, Newala: Rafiki amenipa programu kwenye flashi. Niwagawie wenzangu pamoja na mwongozo?

LibreOffice gawa, leseni yake inaruhusu. Mwongozo uwaonyeshe namna ya kulinganisha namba ya SHA256 (alama ya faili, inayobadilika faili likichezewa) na iliyoko kwenye tovuti ya watengenezaji. Lakini kama humo kuna kraki, yaani kijiprogramu cha kukwepa leseni, futa. Mwongozo wenye hatua ya "zima antivirus kwanza" mimi naufunga hapo hapo, hata kama kauandika binamu yangu. Mashine hiyo ndiyo inayotunza kilo za korosho za watu, ndugu yangu! Na kama bado ina Windows 10, Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tangu 14 Oktoba 2025. Hukuniuliza, lakini nimekwambia.

Mwanafunzi, Lindi mjini: Video si rahisi zaidi kuliko maandishi?

Rahisi kwa anayerekodi. Toleo likibadilika, maandishi unarekebisha mstari mmoja. Video unaanza upya, na mtazamaji analipia bando mara ya pili.