Jibu: Kwa nini nyuso za watoto zinatoka na giza ufukweni

Pole kaka, na hongera kwa kamera mpya. Umeuliza kwa nini wanao wanatoka na nyuso za giza pale ufukwe wa Paje, Zanzibar, wakati bahari inatoka safi. Kamera yako ni nzima kabisa. Mchanga ule mweupe na anga vinaakisi mwanga mwingi, basi kamera inapunguza mwanga wa picha nzima. Tafuta kitufe chenye alama ya +/-, pandisha hadi +1, au washa flashi hata mchana.

Muda ni muhimu kuliko lenzi ya bei mbaya. Paje iko pwani ya mashariki ya kisiwa, jua linapochomozea, basi amkeni mpige saa 12 na nusu asubuhi. Machweo ya baharini yafuateni Nungwi, kaskazini mwa kisiwa. Jua la saa 6 waache waogelee tu.

Usiku pale Forodhani, kwenye soko la vyakula la Mji Mkongwe, zima flashi, maana moshi wa mishikaki na zile taa ndiyo picha yenyewe. Weka ISO (kipimo cha kamera kuhisi mwanga) 3200, na spidi ya shata isishuke chini ya 1/125 ya sekunde, watoto hawatulii. Lenzi usibadilishe kwenye upepo wa mchanga, tafadhali. Halafu mpe mama watoto kamera akupige na wewe, wanao watataka kumwona baba yao kwenye albamu.